Majibu ya kipimo changu yametangazwa mbele ya foleni, nalalamika wapi?

Wakuu salamu. Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Kampala. Juzi nimeenda kliniki ya chuo tumbo linanikata, musawo (daktari) akasema tupime malaria na mimba, sawa, nikatoa damu na mkojo nikakaa kwenye benchi na watu wa kozi yangu. Nesi akatoa kichwa dirishani, "wa kipimo cha mimba yuko wapi? Hamna kitu, kuja uchukue karatasi." Banange! Jioni hosteli nzima inaniuliza. Nikamwambia hakufanya vizuri akajibu nishukuru natibiwa bure, na hela ya matibabu tunalipa humo humo kwenye ada. Halafu mhadhiri anataka barua sababu nilikosa testi. Lazima iandikwe nilipimwa nini?

mzee_wa_Arua: Pole sana dada. Bure au si bure, siri ni siri. Wizara ya Afya ilitoa hati ya haki za wagonjwa 2009 na faragha imo, Katiba kifungu cha 27 pia, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data binafsi. Barua iseme tu ulikuwa mgonjwa tarehe fulani, basi. Mhadhiri sio daktari wako.

boda_Kikoni: huyo nesi apewe kipindi redioni 😂

MamaNesi: Mimi ni nesi na simtetei, majibu unampa mtu mkononi, ndani, mlango umefungwa. Ila wanafunzi na nyinyi bambi mnatuchosha. Mtu anakuja na kitambulisho cha rafiki yake, anachomwa penisilini inaandikwa kwenye faili la yule mwenye kadi, siku mwenye kadi akija hajitambui na mwili wake haupatani na penisilini, sisi tunasoma faili tunaona alishachomwa hakuna shida. Unaona hatari hiyo? Mwingine amemeza dawa za malaria nusu dozi kutoka duka la dawa, anaficha, darubini haioni wadudu, anasema kliniki haijui kupima. Kusema ukweli kwa musawo na hiyo imo kwenye hati, upande wa wajibu.

Mwanafunzi (mwenye uzi): Asante mama, kadi nilikuwa na yangu. Na faili naweza kuomba nione wameandika nini?

mzee_wa_Arua: Unaweza, na nakala pia, omba kwa maandishi. Malalamiko anza na inchaji, yaani mkuu wa kliniki, andika tarehe, saa na maneno yenyewe, usiweke matusi. Akikaa kimya nenda kwa mlezi wa wanafunzi, na waziri wa afya wa gildi (serikali ya wanafunzi) mchukue muende wote, kura mlimpa ya nini? Ikishindikana kabisa manesi wana baraza lao, la madaktari ni lingine, usipeleke barua pasipo pake ikalala huko.

MamaNesi: Na tumbo je, waliona ni nini? Kama bado linakata rudi kesho, usingoje kesi iishe.