MREJESHO: Utando wa bati unaopoteza weusi (seli za sola zisizo na madini ya risasi)

Wakuu, niliuliza kwa nini utando wangu wa perovskaiti ya bati, CsSnI3 (fuwele ya sesiamu, iodini na metali ya bati, si bati la paa, inayofyonza mwanga kwenye seli ya sola), unapoteza weusi ukitoka maabara. Nashukuru sana mliojibu.

Mliosema ni hewa mlikuwa sahihi. Oksijeni inalitoa bati kwenye chaji +2 hadi +4, na unyevu unaigeuza fuwele nyeusi kuwa ya njano isiyofyonza mwanga vizuri. Sasa naongeza floraidi ya bati kidogo ili bati libaki kwenye +2, na kazi yote naifanya ndani ya kisanduku cha naitrojeni. Kioo kinatoka cheusi tii, taa ya dari unaiona juu yake. Nikikitoa nje, na masika haya ya Tengeru, njano inaanzia pembeni inatambaa kwenda katikati, ila polepole kuliko mwanzo.

Aliyeshauri Cs2AgBiBr6 (perovskaiti ya fedha na bismathi badala ya bati), asante. Ni imara kweli, lakini pengo lake la nishati (nishati ndogo kabisa ya mwanga inayoweza kuifyonza) ni karibu eV 2, mwanga mwekundu unapita bure. Bati ni karibu 1.3. Nabaki na bati.

Kuna aliyeuliza kwa nini nisitumie tu risasi, ambayo seli zake zimeshavuka asilimia 25 katika kugeuza mwanga kuwa umeme. Risasi ni sumu. Paneli ikipasuka juu ya paa huku miteremko ya Meru, mvua itaishusha risasi hiyo migombani na kwenye mifereji. Hilo siliwezi.

Kinachofuata ni kufunika seli kwa kioo na gundi. Mwenye kujua gundi isiyopitisha unyevu inayopatikana Arusha mjini, naomba aniambie.