Msaada wadau: mfumo mpya wa soko la umeme tuliuwasha salama, masasisho ndiyo yanatumaliza

Kipanga_wa_Kangemi
Salaam wadau. Niko kampuni ndogo hapa Westlands. Tunafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, kwa mteja wa Kanada mwenye mtambo wa umeme wa maji kule Ontario. Soko lao la umeme lilifunguliwa 1 Mei 2002, na tarehe hiyohiyo mwaka 2025 likaanza upya kwa mfumo mwingine. Sasa kuna soko la siku moja kabla, yaani umeme wa kesho unauzwa leo, na mzalishaji hulipwa bei ya pale alipo kwenye gridi, si bei moja ya mkoa mzima kama zamani. Sisi tunaendesha programu inayopeleka sokoni ofa za mteja, yaani kila saa atauza umeme kiasi gani na kwa bei gani, na hesabu za malipo zikirudi tunazikagua.

Siku ya kuwasha tulijiandaa kama watu wa harusi. Tukakesha, pilau ikaletwa, mambo yakaenda. Jasho limetutoka baada ya wageni kuondoka. Waliotuuzia programu wanaleta sasisho karibu kila Alhamisi, na maelezo ni mistari miwili: "tumerekebisha ripoti."

Sasa kisa. Soko la Ontario linafuata saa za EST, saa za kawaida za upande ule wa Kanada, mwaka mzima. Toronto, mji mkuu wa Ontario, yenyewe husogeza saa majira ya joto, soko halisogezi. Nairobi nasi hatusogezi, kwa hiyo siku ya soko kwetu huanza saa mbili kamili asubuhi, iwe Januari iwe Julai. Sasisho moja la Julai likaifanya seva yetu ifuate saa za Toronto, kimyakimya. Ofa ya saa ya kwanza ikaandikwa ya saa ya pili, ya pili ikawa ya tatu, na ile ya mwisho ikamwagikia siku ya pili yake. Aliyegundua ni binti wa mafunzo, maana yeye bado husoma faili kwa kidole. "Mbona mstari wa kwanza uko mtupu?" Zilikuwa zimebaki dakika arobaini dirisha la ofa lifungwe. Tulirekebisha kwa mkono mistari yote ishirini na minne, mmoja anasoma, mwingine anaandika, bosi amesimama nyuma yetu anapumua.

Tangu siku hiyo bosi amepiga marufuku: hakuna sasisho hadi Desemba. Moyoni naona hilo nalo ni balaa lingine, ila sina hoja ya kumpelekea. Nyinyi kwenu mnafanyaje?

Saa_Ngapi_Jameni
Kabla ya yote, mnapoandikiana "tutasakinisha saa sita", ni saa sita ipi?

Kipanga_wa_Kangemi
Usinitoneshe kidonda. Wale wa programu waliwahi kuambiwa "saa sita usiku", wakaandika 06:00.

Teller_Mstaafu
Umeme siujui, nimekula chumvi kwenye mifumo ya benki. Hapo kuna mtu anasakinisha kisha anaangalia kama programu imefunguka. Hicho si kipimo. Chukua data ya jana, ipitishe kwenye toleo la zamani, halafu data ileile uipitishe kwenye toleo jipya, kwenye mashine ya pembeni. Linganisha mafaili mawili mstari kwa mstari. Kama wameandika wamegusa ripoti na faili la ofa limebadilika hata nukta, lirudi lilikotoka. Hilo la saa lingeonekana kabla chai haijapoa.

Na usisakinishe kote kwa mpigo. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisambaza sasisho lenye faili moja bovu, kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Walilivuta baada ya saa moja na ushei, lakini mashine zilizolipokea zilikuwa zimeshalala.

Mita_Kumi
Huo mfano wa CrowdStrike bosi wake ataupenda, atasema ndiyo maana amefunga. Mimi nampinga bosi.

Nilikuwa kwenye kazi ya mita za tokeni 2024. Kila tokeni ya mita hizo ilibeba hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa 24 Novemba 2024. Mita isiyosasishwa ingeanza kukataa tokeni mpya. Jambo lilijulikana miaka mingi kabla, na bado Novemba tulikuwa tunabisha milango. Kila mita ilihitaji namba mbili za tarakimu ishirini, moja baada ya nyingine, ndipo tokeni yenyewe. Shosho mmoja Dagoretti alianza na tokeni. Mita ikakataa, akaniambia nimemroga stima.

Nataka kusema hivi: kuna sasisho ambalo tarehe yake huipangi wewe. Msimamizi wa soko akibadilisha muundo wa faili la ofa, siku hiyo ukiwa na programu ya zamani ofa yako inakataliwa, na marufuku ya bosi haitakusaidia. Tenga marundo mawili: yale soko linayodai, na yale wauzaji wameamua wenyewe. La kwanza hupati ruhusa ya kulichelewesha. La pili lisubiri zamu yake, ila lisilundikane. Mkimeza masasisho ishirini Desemba kwa mkupuo, likikwama koo hamtajua ni lipi.

Wakili_wa_Kodi
Someni mkataba. Je, mna haki ya kukataa sasisho, na mkikataa bado watawahudumia? Pia IESO, wasimamizi wa soko la Ontario, wana mazingira ya majaribio kwa washiriki. Mteja wenu awaombee njia.

Kipanga_wa_Kangemi
Mrejesho. Bosi amekubali nusu: ya soko tunasakinisha kwa tarehe yao, ya wauzaji mara moja kwa mwezi, baada ya dirisha la ofa kufungwa, na lazima toleo la zamani liwe tayari kurudishwa. Binti wa mafunzo ndiye mwenye kazi ya kulinganisha. Alhamisi limeletwa jipya, "tumerekebisha ripoti" kama kawaida. Amekuta mistari miwili ya ofa imebadilika. Tumelikataa.

Saa_Ngapi_Jameni
Mmelikataa saa ngapi?

Kipanga_wa_Kangemi
Saa kumi na moja jioni. Yaani 17:00. Yaani saa tatu asubuhi ya soko. Nimeandika zote tatu kwenye barua.