Mabawa yangu yamezimwa hewani kwa saa ya ukutani!! Huyu DM mnamjua

Mjukuu wa Joka
Wakuu sijalala na leo sidhani kama nitalala. Jina simtaji maana hakuna haja, kila aliyewahi kucheza D&D (mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu) ya Kiswahili kule Discord kapita kwenye meza ya huyu bwana, DM, yaani mwendesha mchezo, na katoka na kovu lake. Yule wa karanga. Ndo huyo huyo.

Mhusika wangu ni sorcerer, mchawi wa damu ya joka. Niko hewani, futi 180 juu ya korongo, joka jeupe lipo mbele yangu linatweta, dadu zangu za moto ziko mkononi, levo 14 ambayo nimeitafuta tangu watoto wa jirani wanatambaa na saiv wanaomba namba za NIDA. Namsikia anatafuna kwenye maiki, kru kru kru, alafu kwa utulivu kabisa kama konda anayekwambia gari inaishia hapa: "Mabawa yamepotea mkuu, saa imeisha."

Saa gani?? Vita tumeanza saiv hivi. Akasema alipoona nimetoa mabawa aliangalia saa ya ukutani kwake, ilikuwa saa tatu na robo, na sasa ni saa nne na robo. YA UKUTANI. Ile saa ya bure ya duka la rangi, nimeiona kwenye kamera, hata mshale wa sekunde hauna.

Raundi moja ya vita ni sekunde 6. Tulikuwa raundi ya 9. Sita mara tisa ni 54. Yaani mhusika wangu hajamaliza hata dakika moja angani na huyu mtu ananitolea risiti ya saa nzima, huku anatafuna.

Na kinachoniua zaidi (mbali na kwamba nimekufa kweli) ni kwamba hiyo habari ya mabawa kudumu saa moja yeye ndo kaileta. Kitabu cha kanuni cha 2014 mabawa ya Draconic hayana saa, unayatoa, unakaa nayo mpaka uchoke mwenyewe. Akaja na tangazo lake, jamani tunahamia toleo la 2024, njia ya joka imeboreshwa, mtaipenda. Nikafurahi kama mjinga. Kweli imeboreshwa, nimesoma: AC (ugumu wa kupigwa) sasa ni 10 jumlisha Dexterity (wepesi) jumlisha Charisma (mvuto), mimi ningetoka 15 kwenda 17. Speli 10 za bure ambazo muda wote ziko tayari, na Fly imo humo humo. Kinga ya elementi yako unapewa moja kwa moja, hulipi pointi za uchawi. Unajua kanipa nini katika hayo? HAKUNA. AC "tuiache kwanza". Speli "tutazijadili". Kinga "nitasoma nikipata muda". Ila saa moja ya mabawa hiyo ilianza kutumika usiku ule ule bila kikao.

Basi nimeanguka. 18d6, yaani dadu 18 za pande sita. Nilikuwa na HP (uhai) 38, kete, samahani dadu, zimekuja 66, alafu joka likashuka kunimalizia chini kwa jino moja na kucha moja. Na yeye anatafuna. "Saa imeisha." Mpaka saiv nikifumba macho nasikia kru kru.

Bibi Mizimu
Sekunde 54 😂😂😂 nimechekea kwenye daladala watu wananiangalia

Otis wa Embakasi
Wueh. Kwani ulianguka aje na uko na Feather Fall, ile speli ya kushuka taratibu? Sorcerer wa levo 14 bila Feather Fall ni kama makanga bila mlango, unaning'inia wapi sasa.

Mjukuu wa Joka
@Otis ninayo! Ni reaction (kitendo cha kujibu, kimoja tu kwa raundi), na reaction nilikuwa nimeshaichoma kwa Shield, speli ya ngao, na Shield naitumia kila raundi kwa sababu AC yangu ni 15, na ni 15 kwa sababu huyu bwana kaninyima 17!!! Mnaona mnyororo? Bard (mchawi wa nyimbo) naye anayo Feather Fall ila Luku ilikuwa imekata kwao. Kila mlango umefungwa alafu mtu anatafuna karanga.

Fundi Dadu
Si ungetoa pointi 3 za uchawi uyarudishe mabawa, kitabu kipya kinaruhusu

Mjukuu wa Joka
Ni bonus action (kitendo cha nyongeza) mzee, unaitumia kwenye zamu yako. Yeye kayakata katikati ya zamu ya joka. Nishamwambia, akasema "gravity haisubiri zamu". Gravity!! Mtu ana joka linalopumua barafu kwenye meza yake ananifundisha fizikia.

Kasisi Mtulivu
Mimi nilikuwepo kwenye hiyo meza, mimi ndo kasisi. Mleta mada sema yote. Vita vilianza saa nne kasoro. Kabla ya hapo ulikuwa unaelea juu ya korongo unagombania ile fimbo na bard, tunakwambia shuka tuongee, ukajibu "mwenye damu ya joka hatembei kwa miguu". Tumeandika, tunalo, kuna mtu anataka kulitia kwenye fulana.

Bibi Mizimu
HATEMBEI KWA MIGUU 😭😭😭

Otis wa Embakasi
Na akashuka bila miguu pia, 18d6

Mjukuu wa Joka
Kasisi wewe si ndo ulikuwa na Revivify, speli ya kufufua, na almasi ya 300 mfukoni? Iko wapi? Hata hivyo hata kama tuligombania fimbo dakika 40, kwenye mchezo hizo ni dakika 40 sio saa, fanyeni hesabu, 40 na sekunde 54 haifiki 60. Na UKUTANI jamani. Mbona hamshangai neno ukutani?

Kasisi Mtulivu
Revivify ni kugusa, na ni ndani ya dakika moja. Wewe uko futi 180 chini na juu yako amekaa joka. Nikuguse na nini, fimbo?

Mzee wa 2014
Mimi naona mnapigana na mtu badala ya kitabu. Hiyo apdeti ndo mwizi. Sisi tulikuwa na mabawa bila saa, unalala nayo, unaoga nayo. Leo unapewa saa moja kama betri ya simu ya mchina alafu mnaambiwa "imeboreshwa".

Fundi Dadu
Mzee ya zamani yalikwenda kwa mwendo wako wa kawaida, futi 30 kwa watu wengi, haya mapya ni 60. Na yale ukivaa deraya isiyoshonewa nafasi ya mabawa yanagoma. Zamani pia tulikuwa na speli 13 tu levo hiyo ya 14, unazihesabu kama sukari ya mwisho wa mwezi. Na AC 13 jumlisha Dex, Charisma yako ya 20 inakaa tu kupendeza. Kwa saa moja mimi nabadilisha, hata usiku huu.

Mzee wa 2014
Na Draconic Presence ya levo 18 je? Watu futi 60 wanakuogopa au wanakupenda. Wameifuta.

Fundi Dadu
Pointi 5 na concentration (kuishikilia akilini muda wote) juu. Taja mtu mmoja uliyemwona anaitumia. Sasa hivi levo 18 unaita joka zima kwa Summon Dragon, mara moja bila kulipa slot (nafasi ya speli), na ukikubali likae dakika moja tu halikuli concentration. Unalinganisha kutisha watu na kuwa na joka?

Mzee wa 2014
Niliitumia mimi.

Fundi Dadu
Mara ngapi

Mzee wa 2014
Kampeni ilivunjika levo 17. Ila ningeitumia.

Kijana wa Pad
Mimi kwenye gemu ya Baldur's Gate 3 mabawa napata levo 11 na hakuna saa wala karanga, nyie mnateseka na nini 😂

Bibi Mizimu
We nenda huko, levo zenyewe zinaishia 12

Msafiri Muscat
Swali dogo: huyo DM alisemaje kuhusu AC, kwamba hana kitabu? Kitabu kweli bei, kilitoka kwa dola 49.99 na bado usafiri. Lakini Draconic Sorcery (hiyo njia ya joka) imo kwenye ile SRD 5.2, hati ya kanuni ambayo wenye mchezo waliitoa bure Aprili 2025, PDF unashusha hata kwa bando la wiki. Sehemu hiyo hiyo yenye saa moja ya mabawa ndo una AC na speli. Haiwezekani kusoma mstari mmoja na macho yakaruka mingine.

Mjukuu wa Joka
ASANTE MUSCAT. Hili ndo nalolia nalo. Kasoma mabawa tu. Kafungua PDF, kaona neno "saa moja", kafunga, kaangalia ukutani, kachukua karanga.

Ranger Asiye na Mbwa
Samahani kuingilia msiba ila angalau nyie apdeti imewaongezea kitu, hata kama mtu wenu kakalia. Sisi ranger (wawindaji) kila kitu ni Hunter's Mark, speli ya kumwekea windo alama. Levo 13, Hunter's Mark. Levo 17, Hunter's Mark. Levo 20 nimezeeka, nina mvi, zawadi yangu ni kwamba dadu ya Hunter's Mark inakuwa d10 badala ya d6. Na inakula concentration ile ile, kwa hiyo speli zangu nyingine nzuri naziangalia kama picha za harusi ya ex.

Paladin wa Kariakoo
Tulia ranger. Sisi Divine Smite imegeuzwa speli, inakula bonus action, mara moja kwa zamu basi. Zamani nikipata krit (pigo la dadu ya juu kabisa) nilikuwa napiga smite kwenye kila pigo, joka linaomba maji. Saiv napiga moja narudi kukaa.

Ranger Asiye na Mbwa
Mmepewa farasi bure levo 5 nyie! Find Steed kila siku moja bila slot! Unalia nini na una usafiri

Mjukuu wa Joka
Jamani turudi kwenye mada. Saa ya ukutani

Paladin wa Kariakoo
Farasi wa nini, kampeni yetu nzima iko pangoni, kila mlango ni futi 3

Otis wa Embakasi
Find Steed si lazima farasi buda, kitabu kipya unachagua umbo lolote la mnyama wa kupandwa

Paladin wa Kariakoo
Ni Large (saizi kubwa) hata akiwa ngamia. Nishauliza.

Ranger Asiye na Mbwa
Kwenye pango atajibana, Large anapita njia ya futi 5, ila mwendo unapungua

Paladin wa Kariakoo
Nimekwambia futi 3. TATU. Na juu kuna ngazi ya kamba

Bibi Mizimu
Ngamia kwenye ngazi ya kamba, nani anachora hii nimlipe