Nimechukua trekta dogo jipya, nianzeje bila kuumia?

Mkulima_Njombe: Habari zenu wakuu. Juzi nimeshusha trekta langu la kwanza, dogo la HP 30. Miaka yote nimezoea pawatila tu, na shamba langu liko huku Njombe vilimani, viazi na mahindi. Muuzaji kanizungusha raundi mbili uwanjani akaniachia funguo akaondoka. Kusema ukweli naliogopa, na kijana wangu wa miaka 14 keshaanza kudandia kwenye madigadi. Nianzie wapi?

Fundi_Dizeli: Hongera mkuu. Kijana mshushe leo hii, akiteleza pale anaangukia tairi la nyuma na wewe hutawahi kusimama. Pili lile bomba la chuma nyuma ya siti lisimamishe, ukaze pini, halafu funga mkanda, maana bomba bila mkanda trekta likibiringika linakutupa nje linakulalia. Breki za kushoto na kulia ziunganishe ukiwa barabarani, ukikanyaga moja na spidi unapinduka. Oili ya kwanza ya injini mwaga mapema, matrekta mengi ni baada ya saa 50 za kazi, angalia kitabu chake.

Mama_Viazi: Kaka pole na hongera. Mimi niko vilimani kama wewe, pale panapopanda sana sisi hatupeleki trekta kabisa, tunalima kwa mkono, maana ukilima kukata mlima linalala ubavu na ukilima kupanda na kushuka mvua inabeba udongo wote. Ukishuka na tela la viazi ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, usiguse klachi katikati. Na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine kama ya kupukuchua, naomba uiogope kweli. Ile inazunguka mara 540 kwa dakika, ni mara 9 kila sekunde. Shemeji yangu alikuwa anapukuchua mahindi, kava la shafti lilishapasuka, ikashika pindo la koti, koti likachanika hadi kwenye kola akabaki na mkono mmoja wa koti, kilichomuokoa ni kwamba lilikuwa limechakaa. Zima injini, toa funguo, ndiyo usogee.

Fundi_Dizeli: Naongezea, kuvuta kisiki funga mnyororo chini kwenye droba, kile chuma cha kuvutia cha nyuma, ukifunga juu linanyanyuka mbele linakurudia mgongoni.

Mkulima_Njombe: Asanteni sana jamani. Nimetoka kuliangalia sasa hivi, bomba limelazwa na pini zake nimezikuta kwenye boksi la spana, bado ziko kwenye nailoni.