Asiyepewa kazi za maana atapata wapi uwezo? Tujadiliane

MLETA MADA

Salamu kwenu nyote. Naleta swali linalotugawa sisi wahandisi na wasanifu majengo kila likitajwa. Je, fani zetu zitenge nafasi kwa wanawake, watu wenye ulemavu na wengine walio wachache ndani yake, au kila mtu apande kwa uwezo wake? Natoa msimamo wangu mapema ili mnipinge vizuri. Mimi ni mhandisi wa miundo, mwanamke, mwaka wa 14 kazini. Sitaki mtihani wa usajili ulegezwe kwa ajili ya yeyote, maana daraja halijui nani kalipigia hesabu. Ninachotaka kibadilike ni jinsi kazi zinavyogawanywa mtu akishaajiriwa.

Nieleze. Cheti cha chuo peke yake hakimfanyi mtu mhandisi aliyesajiliwa. Nchi nyingi humtaka mhitimu afanye kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi mzoefu na kuandika kwenye daftari la mafunzo alichofanya, mkubwa wake atie saini: alipiga hesabu za boriti ipi, alisimamia umwagaji wa zege upi, alikataa nini saiti na kwa sababu gani. Sasa chukua wahitimu wawili waliotoka chuo kimoja na alama zilezile. Mmoja anapelekwa saiti tangu wiki ya kwanza. Mwenzake anaambiwa kule kuna vumbi na matusi, abaki ofisini apange mafaili, aandike kumbukumbu za vikao. Miaka mitatu ikipita, daftari la kwanza limejaa na la pili lina kurasa tupu. Wakiitwa kwenye usaili, jopo linaona wazi kwamba yule wa kwanza ana uwezo zaidi, nalo halisemi uongo. Ila uwezo huo aliutengeneza, siku baada ya siku, yule aliyekuwa akipanga nani aende wapi.

Mimi nilikuwa huyo wa pili. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, aliamini kabisa kwamba ananihurumia. Nilipoomba kwenda kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, alinijibu hakuna buti za saizi yangu stoo. Ilikuwa kweli. Nikanunua zangu, na hata hivyo nikasubiri miezi minane.

Habari ya saizi msiione ndogo. Machi 2019 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipanga wanawake wawili watoke pamoja nje ya kituo cha anga za juu, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kufanyika. Wote wawili walihitaji vazi la saizi ya kati, na sehemu ya kiwiliwili ya saizi hiyo iliyokuwa tayari kuvaliwa ilikuwa moja tu. Mmoja akapisha mwanamume. Wanawake wawili walitoka pamoja Oktoba ya mwaka huohuo. Kama shirika lile liliweza kulisahau hilo, sembuse stoo ya mkandarasi?

MKANDARASI

Dada mhandisi, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu. Miaka 30 nimejenga. Wakija vijana kumi kuomba kazi kwangu, mwanamke ni mmoja, siku nyingine hayupo kabisa. Nimgawie nani hizo kazi? Tatizo lianzie kutatuliwa shuleni, kwenye hesabu na fizikia, kabla hamjafika kwangu.

Halafu nafasi za lazima zinamchafua hata aliyestahili. Binti yangu anasomea usanifu majengo, na ni hodari. Sitaki siku moja akae kwenye kiti chake watu wanong'one kwamba alibebwa.

Na zege likianza kumwagwa halisimami ili mtu akamchukue mtoto shuleni. Hiyo si chuki, ndivyo zege lilivyo.

MLETA MADA

Shikamoo kaka. La shuleni umesema kweli wala silipingi: hata Uingereza, yenye kampeni za miaka mingi za kuwavuta wasichana, wanawake ni kama 16 tu kwa kila wahandisi 100. Lakini wachache hao wanaofika wakiachwa na madaftari matupu, wadogo zao watamwona nani?

Kuhusu minong'ono, mimi nimenong'onewa mahali ambapo hapakuwa na nafasi maalumu hata moja. Anayetaka kunong'ona hasubiri sera. Mkumbuke Paul Williams, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuingia katika chama cha wasanifu majengo wa nchi yake, mwaka 1923. Alijifunza kuchora juu chini, ili mteja Mzungu aliyeketi ng'ambo ya meza auone mchoro umemwelekea, kwa sababu wengi wasingependa kuketi bega kwa bega naye. Wenzake walipokuwa wakijifunza majengo tu, yeye alikuwa na somo la ziada ambalo jengo lenyewe halikulihitaji. Chama hicho kilimpa nishani yake kubwa ya dhahabu mwaka 2017, miaka 37 baada ya kufa kwake.

Na hata kazi ikifanywa, jina laweza kufutika. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, alipewa msanifu Mmarekani Robert Venturi peke yake, ilhali kazi alizosifiwa nazo alizifanya na mkewe na mshirika wake wa ofisi, Denise Scott Brown. Mwaka 2013 maelfu ya watu waliomba jina lake liongezwe. Wahusika wakakataa. Kaka, huyo hakubebwa na mtu. Alibeba yeye, na bado hakuandikwa.

Kuhusu zege, ni kweli halisubiri. Lakini siku ya kumwaga huwa inajulikana mapema, kwa kuwa magari lazima yaagizwe. Mwambie kila mtu siku hiyohiyo unayoagiza magari. Mwenye mtoto, awe baba au mama, atajipanga. Anayeambiwa jioni kwamba kesho alfajiri kuna zege ndiye anayeshindwa, kisha anaandikwa kuwa hana moyo wa kazi.

MSANIFU MAJENGO

Mmenigusa, ila sisi wenye ulemavu tumetajwa mwanzoni tu. Mimi natumia kitimwendo. Mchoro wa mteremko ukipita mezani kwangu, mikono yangu ndiyo inayousoma kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Nimewahi kuletewa ulioongezwa ukali ili kuokoa nafasi, umechorwa na mtu hodari ambaye hakuwahi kusukuma magurudumu. Wazo la jengo linalomfaa kila mtu tangu mwanzo lilipewa jina lake na Ronald Mace, msanifu majengo aliyepata polio utotoni na kutumia kitimwendo. Sidhani ni bahati tu kwamba lilitoka kwake.

Vienna nako, miaka ya 1990, walipochunguza bustani za umma waligundua wasichana wanatoweka humo wakifikisha umri wa miaka kama kumi, kwa sababu wavulana walishautwaa uwanja. Bustani kadhaa zikagawanywa upya, na wasichana wakarudi. Mezani walikuwepo wanawake wapangaji miji waliouliza wasichana wameenda wapi.

Niwe mkweli: kuna ghorofa ambalo halijafungwa lifti ambako siwezi kufika, na sidai nibebwe mgongoni. Nadai ukaguzi wangu kwa picha na kwa simu, fundi akinishikia futi, ukubaliwe kwenye daftari.

MKANDARASI

Hoja ya daftari imeniingia, na ya kutangaza siku ya zege nitaifanyia kazi, hainigharimu kitu. Nafasi za lazima bado nazikataa. Lakini dada, daftari linasainiwa na mimi mwenyewe. Nikiamua kumwachia mtu kurasa tupu, nani atajua?

MLETA MADA

Hapo ndipo ninapotaka twende, kaka. Bodi inayosajili iyaombe madaftari yote ya ofisi moja kwa pamoja kila baada ya miezi sita, iyaweke sambamba. Kurasa tupu zikiwa za aina moja ya watu, bosi aitwe aeleze. Hakuna nafasi iliyotengwa hapo wala mtihani uliolegezwa. Wenye kupinga hili, karibuni.