Simu za intaneti kwenye biashara ndogo hapa Mombasa: tupeane uzoefu

Mwenye mada
Salaam aleikum jamani. Maduka ya Biashara Street, ofisi za kliaringi za Moi Avenue, hoteli ndogo za Nyali na Bamburi, wengi wanaacha laini za mezani za zamani za 041 na kuingia simu za intaneti. Karatasi za wauzaji zimejaa sifa, lakini zinazotumika kila siku ni chache. Tuweke hapa kinachofanya kazi, kinachoharibika na sababu yake, tukichukulia ofisi ya watu 8 hadi 15. Visa vya "mteja wangu fulani" tuviache, tutaje vifaa, namba na hatua.

Kizingo Net
Bando kwanza, maana hapo ndipo watu wanauziwa wasichohitaji. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula kama kbps 87 kwenda na kbps 87 kurudi, pamoja na vichwa vya pakiti, yaani vipande vya data vinavyobeba sauti. Watu 10 wakiongea kwa pamoja hawafiki Mbps 1. Kwa G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, ni kama kbps 31 tu. Anayekwambia chukua Mbps 100 kwa ajili ya simu, huyo anauza laini.

Sauti inaharibiwa na pakiti zinazochelewa au kupotea. Mipaka ya kushika: ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi ms 150 (elfu za sekunde), kupishana kwa pakiti, yaani tofauti ya muda wa kufika, kuwe chini ya ms 30, upotevu chini ya 1%. Mara nyingi chanzo kimo humo humo ofisini: kamera za CCTV zinapandisha picha kwenye seva ya nje, au kompyuta ya mhasibu inatuma nakala zake saa nne asubuhi, wateja wakipiga kwa wingi. Njia ya kupandisha inajaa, foleni ndani ya rauta inarefuka, na mteja anasikia neno moja katika matatu.

Dawa yake: pima kasi halisi ya kupandisha, kisha weka kikomo kwenye rauta kwa asilimia 90 ya hiyo, ili foleni ikae kwako ambako unaweza kuipanga. Halafu pakiti za sauti zenye alama ya kipaumbele ya DSCP 46 zipewe nafasi ya mbele. Watu wengi huweka alama tu na kusahau kikomo. Alama hiyo kwa kawaida haiheshimiwi ukishatoka nje ya ofisi, kwa hivyo peke yake haikusaidii kitu.

Fundi Swichi
Nyaya. Tumia waya wa mtandao wa Cat6 wa shaba tupu, usizidi mita 100 kutoka swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa nyaya) hadi simu. Madukani kuna boksi za bei ya chini zilizoandikwa CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, rudisha. Kwa kompyuta pengine utapita, lakini simu inapata umeme kupitia waya huo huo. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, volti zinashuka njiani, na simu iliyo mbali inajizima na kujiwasha ikianza kulia tu.

Swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa waya wa mtandao) ya kiwango cha 802.3af inatoa hadi W 15.4 kwa tundu, na simu ya mezani ya kawaida inahitaji W 3 hadi 6. Usisome idadi ya matundu peke yake, soma jumla ya wati. Swichi ya matundu 8 yenye W 60 inatosha simu 8, lakini ukiweka kamera mbili za usiku na kituo cha Wi-Fi badala ya simu tatu inaweza kuwa imekwisha, na tundu la mwisho ndilo linalozimwa.

Chumvi ya bahari nayo. Kabati la mtandao lisitazame dirisha la upande wa pwani. Plagi za bei rahisi pini zake zinaota kutu ya kijani, na tundu linaanza kuonyesha Mbps 10 badala ya 1000. Kata ncha, funga plagi mpya yenye pini za dhahabu. Kusugua hakusaidii muda mrefu.

Na kwa walio Mji wa Kale: kuta zile za mawe ya matumbawe zinameza Wi-Fi. Usitegemee simu ya Wi-Fi kuvuka kuta mbili. Vuta waya.

Bi Kaunta
Mie nizungumzie vipengele vyenyewe, maana ninyi mafundi mnasahau anayepokea simu.

Menyu ya sauti iwe na chaguo tatu, nne ukizidi sana, na 0 iende kwa mtu. Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Kama mtambo wa kuunganisha simu za ofisi ni wa Asterisk au FreePBX (programu za simu), salamu irekodiwe WAV ya kHz 8, biti 16, mono; ukiweka faili la muziki lilivyo, utasikia ukimya na kulaumu laini.

Kundi la mlio: simu zote za kaunta zilie kwa sekunde 20, kisha iende kwa msimamizi, kisha sanduku la ujumbe linalotuma sauti kwa barua pepe. Ukiacha ilie sekunde 60, mteja ameshakata na kumpigia jirani yako.

Ratiba ya saa ndiyo watu hupuuza. Ijumaa saa sita na nusu mpaka saa nane iwe na salamu yake, na Ramadhani iwe na ratiba yake kamili uliyoitayarisha mapema. Kagua pia saa ya mtambo: vingi vinakuja na UTC, saa tatu nyuma yetu. Ukifungua saa mbili asubuhi, wateja wanaendelea kuambiwa "tumefunga" mpaka saa tano. Weka Africa/Nairobi.

Kuhamishia simu ya mkononi: simu ikiingia na kutoka tena inashika njia mbili, yaani nafasi za mazungumzo ya wakati mmoja. Ukinunua njia 2 kwa kampuni, simu moja iliyohamishwa inazijaza zote, anayefuata anasikia mlio wa shughuli. Na dakika za kutoka unalipa wewe.

Kurekodi mazungumzo kuwe na taarifa mwanzoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu duka dogo kama inavyohusu benki.

Msomaji wa Likoni
Dada Bi Kaunta, shukrani. Wajuzi, nini sababu simu inalia, unapokea, mteja anakusikia lakini wewe humsikii? Na nyingine zinakatika zenyewe kama nusu dakika.

Kizingo Net
Karibu ndugu. Yote mawili yananuka NAT, yaani rauta kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje. Zima kwanza SIP ALG kwenye rauta, kisha uwashe upya rauta na simu. Kipengele hicho kinaandika upya anwani ndani ya ujumbe wa SIP (lugha ya mitambo ya kupanga simu), na mara nyingi kinaziharibu.

Sauti ya upande mmoja maana yake mtambo wako umemwambia mwenzake atume sauti kwenye 192.168 kadhaa, anwani ya ndani ambayo huko nje haifiki popote. Kwenye FreePBX jaza anwani ya nje na mitandao ya ndani katika mipangilio ya SIP, kisha hakikisha milango ya sauti (namba za kupitishia data), kwa kawaida UDP 10000 hadi 20000, inapita.

Inayokatika: hesabu, utakuta ni sekunde 32. Upande uliopokea haukupata uthibitisho wa ACK, unarudia kujibu kwa sekunde 32, kisha unakata.

Kama simu zinatoka vizuri lakini baada ya muda haziingii, rauta imesahau njia. Weka ujumbe wa kuamsha kila sekunde 20 au 25.

Tazama pia anwani ya WAN, ya upande wa nje wa rauta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya intaneti. Kupiga na kupokea kupitia mtoa huduma kutafanya kazi, lakini simu ya mfanyakazi aliye Mtwapa haitaufikia mtambo wa ofisini. Omba IP (anwani ya intaneti) ya kudumu au tumia VPN, njia ya siri ya kuunganisha mitandao.

Mzee wa Shimanzi
Stima. Rauta W 10, kifaa cha faiba W 10, simu 8 kwa W 4 ni 32, na swichi yenyewe kidogo: jumla kama W 60. UPS (betri ya dharura) ya VA 650 yenye betri ya V 12 Ah 7 inakupa dakika 40 ikiwa mpya. Kwa joto letu betri hiyo inachoka mapema. Anayetaka mchana mzima aweke inveta na betri ya Ah 100.

Mtambo wa ofisini au wa kukodi nje? Wa ofisini, intaneti ikikatika, ekstensheni (simu za ndani) zinaendelea kuongea. Wa kukodi, muulize seva iko nchi gani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, aliyekuwa na seva ng'ambo aliumia kuliko mwenye seva Nairobi.

Na usalama: ekstensheni 100 yenye paswadi 100 inavunjwa upesi, kisha usiku wa kuamkia Jumapili zinapigwa simu za ng'ambo kwa akaunti yako. Mlango wa 5060, wa SIP, uruhusu IP ya mtoa huduma pekee, na uweke kikomo cha salio kwa siku. Ofisi za kliaringi ziangalie hapa: ukifunga 000 ya simu za ng'ambo peke yake, 006 ya Uganda na 007 ya Tanzania zinabaki wazi, ukifunga kila kinachoanza na 00, humpati wakala wa Dar. Na usisahau namba zinazopigwa kwa alama ya kujumlisha. Ruhusu +255 na +256 kwa ekstensheni zinazohitaji, nyingine zifunge.

Msomaji wa Likoni
Mzee, shikamoo, tumekupata. ALG imezimwa, sauti imerudi pande zote. Lakini sasa mtandao mzima umesimama, taa za swichi zinamweka zote kwa pamoja.

Fundi Swichi
Simu ya mezani ina matundu mawili nyuma, moja la ukutani na moja la kompyuta. Kuna mtu ameyachomeka yote mawili ukutani, umepata mzunguko, data inazunguka bila kikomo. Chomoa waya wa tundu la PC, subiri dakika moja, kisha ingia kwenye swichi uwashe STP, kinga ya mizunguko.