Nusura tuzame kwenye "safari ya hazina", sasa mratibu anatuambia hisa zetu zimepotea

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu nikisubiri mratibu apokee simu. Hapokei. Naandika hapa, na yaliyotokea baharini nayaandika kama nilivyoyaona kwa macho yangu.

Tulikuwa abiria tisa, pamoja na nahodha na mabaharia wake wawili. Kila abiria alilipia hisa, akaahidiwa mgawo wa dhahabu ya Olivier Levasseur, yule haramia wa Kifaransa aliyenyongwa kisiwani Réunion mwaka 1730. Inasimuliwa kwamba akiwa tayari na kitanzi shingoni aliwarushia watu karatasi yenye maandishi ya fumbo, atakayelifumbua ajichukulie hazina. Mratibu alikuja na nakala ya fumbo hilo na ramani, akasema kalifumbua yeye. Hakututajia Reginald Cruise-Wilkins, Mwingereza aliyeanza kuitafuta hazina hiyohiyo Bel Ombre, kisiwani Mahé, Shelisheli, mwaka 1949, akafa mwaka 1977 hajaipata. Miaka 28! Haya nimeyasoma baada ya kurudi. Mtu anayeuza hisa za hazina hii hawezi kuniambia hakuyajua.

Lakini hela si kitu mbele ya kile chombo. Tuling'oa nanga Julai, upepo wa kusi umeshika kwelikweli, wavuvi wamevuta mashua zao pwani wanatutazama. Mratibu mwenyewe hakupanda. Alisema anatangulia kwa ndege kushughulikia vibali.

Usiku wa pili maji yakaanza kujaa kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Mbao za ubavuni hazikuwa zimetiwa kalafati ya kuziba maji, zimepakwa rangi tu juu ya nyufa. Pampu ilivuta kama saa moja, ikaziba. Tukafua maji kwa ndoo mpaka alfajiri, kwa zamu, mtu anatapika huku ameshika ndoo, wimbi likipiga tezi, nyuma ya chombo, unasikia mbao zinalia. Jaketi za kuokolea zilikuwa nne. Watu kumi na wawili, jaketi nne! Kijana mdogo kuliko wote kati yetu alikuwa hajui kuogelea, na hakuna aliyemuuliza kabla ya kuchukua hela yake. Tulimvalisha moja, tukamfunga kamba kiunoni.

Kulipopambazuka nahodha aligeuza omo, mbele ya chombo, turudi. Tuko hai kwa sababu ya uamuzi wake ule, na namshukuru.

Sasa sikilizeni jibu la mratibu, la mara ya mwisho alipopokea simu: mkataba unasema anayekatisha safari amepoteza hisa yake. Kwa hiyo kwa kutokufa tumevunja mkataba!

Najua wapo watakaosema bahari ndivyo ilivyo. Hapana. Kwenye matangazo yake alimtaja sana Mel Fisher, aliyetafuta merikebu ya Atocha, iliyozama mwaka 1622 karibu na Florida, kwa miaka 16 hadi akalifikia rundo kuu la hazina mwaka 1985. Habari ya mwaka 1975 akaikata. Mwaka huo mashua moja ya Fisher ilipinduka usiku, akafa mwanawe Dirk, mkwewe Angel na mzamiaji mmoja. Ningeambiwa hilo, kitu cha kwanza ambacho ningeuliza ni pampu na jaketi, si mgawo wangu asilimia ngapi.

Na huo mgawo wenyewe, hata dhahabu ikipatikana, usiuhesabu. Dhahabu ya SS Central America, meli iliyozama mwaka 1857, iliopolewa kweli, lakini wawekezaji wakaishia kumshtaki kiongozi wa msako, Tommy Thompson. Alitoroka, akakamatwa mwaka 2015.

Namtaka mratibu arudishe hela za wote tisa, na aonyeshe hivyo vibali alivyosema anavishughulikia. Mwenzetu yeyote aliyewahi kupandishwa chombo hicho aandike hapa chini, tujue tuko wangapi.

Nimepata habari anakusanya watu wa safari nyingine, chombo kilekile, safari hii kimepakwa bluu. Ukiitwa, kabla hujatoa hata senti, omba kushuka kwenye ngama na tochi. Akikukatalia, ondoka.